Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Msitu wa Kakamega: konokono wa msituni nao wahesabiwe

Shinyalu,
Kaunti ya Kakamega.

KWA: Wote wenye mamlaka juu ya Msitu wa Kakamega, kuanzia wizarani Nairobi, serikali ya kaunti, hadi ofisi za msitu zilizo karibu nasi.

KUH: KUANGAMIA KWA KONOKONO WA MSITUNI

Waheshimiwa,

Mulembe. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imeziba. Barua zetu zilipokelewa, zikapigwa muhuri, zikalala. Tulipofuatilia tuliambiwa zimepelekwa kwa wahusika. Tulipouliza wahusika ni akina nani, tukaambiwa turudi wiki ijayo, na kila wiki ina wiki yake ijayo. Ofisi yenyewe sitaitaja. Anayehusika akisoma atajijua, na sitaki karani wa mapokezi, ambaye alitupokea kwa heshima siku zote, abebeshwe lawama ya wakubwa wake.

Mimi ni mwongoza wageni. Watu hunilipa niwaonyeshe msitu, na karibu wote hutembea wameinua shingo. Wanamtafuta ndege aitwaye turako mkubwa wa buluu, mbega, vipepeo, na wakifika kipande cha msitu cha Kisere wanataka kima wa De Brazza. Mgeni ana haki ya kutazama anachokipenda. Lakini ninyi si wageni, na hata ninyi mmeinua shingo. Ripoti zenu zinazungumzia ukubwa wa eneo, idadi ya miche, ndege na wanyama wenye manyoya. Kinachoishi chini, ndani ya majani yaliyoanguka, hakina ukurasa.

Huu ni msitu wa pekee nchini. Ndio ncha ya mashariki ya misitu ya mvua ya aina ile ya Kongo, na hakuna mwingine wa namna yake Kenya. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933. Sehemu ya kaskazini, Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985 na iko mikononi mwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Sehemu kubwa ya kusini, tunakoishi sisi, iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Tangu 2010 umo katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Sifa hizi zote mnazisoma kwenye kila hotuba. Naomba sasa mniruhusu niwaeleze habari za wakazi wake ambao hawajawahi kutajwa kwenye hotuba hata moja niliyosikiliza.

Mkulima akisikia konokono hufikiria yule mkubwa wa shambani anayetafuna sukuma wiki usiku. Hao wa msituni ni watu wengine kabisa. Wako makumi ya spishi, na walio wengi hawafikii urefu wa punje ya mchele. Wapo wanaokula kuvu na majani yaliyooza. Wapo pia wala nyama: jamii inayoitwa Gulella, ambao mwili wao mara nyingi ni wa manjano au wa rangi ya chungwa, na mdomo wa ganda lao umezungukwa na vijino. Hao huwinda konokono wenzao. Mtu anaweza kuishi Shinyalu hadi azeeke asimwone hata mmoja, kwa sababu lazima upige magoti, ufunue majani na usubiri macho yazoee.

Konokono hawezi kuhama. Ndege akikosa mti ataruka hadi mwingine. Konokono mwenye ganda la milimita tatu, akikauka mahali alipo, amekwisha. Anahitaji unyevu mwaka mzima, kivuli, na kalsiamu ya kujengea ganda. Udongo wa huku umeoshwa na mvua kwa miaka na miaka, una asidi, kalsiamu yake ni ya kuokoteza. Sehemu kubwa huipata kwenye majani yanayooza, kwenye magogo na kwenye maganda ya konokono waliokufa kabla yake. Ukiondoa vitu hivyo umemwondoa, hata kama mti umesimama na mbega wanaruka juu yake.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Gogo lililooza linahesabiwa kuwa kuni.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kwa mujibu wa utaratibu wa huku kusini, mwananchi hulipia kibali cha mwezi na kuruhusiwa kuokota kuni zilizokauka. Mti mbichi ni marufuku. Utaratibu huu ulitungwa kwa nia njema, na mimi mwenyewe nimekula chakula kilichopikwa kwa kuni hizo tangu utotoni. Lakini utazameni kwa jicho la konokono. Sheria inamlinda mti aliye hai, ambao konokono haishi ndani yake, na inampa ruhusa mwenye panga kuchukua gogo lililolala, ambalo ndilo nyumba yake, ghala lake na mahali anapotaga mayai. Mwezi wa Januari jua likipiga na majani ya juu yakikauka, gogo nene hubaki na maji ndani kama sifongo. Viumbe vidogo vyote vya eneo lile hukimbilia humo kungoja mvua za Machi. Ndipo anapokuja mtu na shoka, kihalali kabisa, akiwa na risiti mfukoni.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba adui ni mwizi wa mbao peke yake. Mwizi wa mbao yupo, mnamjua, na baadhi yenu mnajua hata lori lake hupita saa ngapi. Lakini konokono wengi wanaangamizwa na kitu ambacho kimeruhusiwa. Karibu na vijiji, msitu umefagiliwa ukawa safi kama uwanja wa kanisa. Wageni huusifia: wanasema unapitika. Mimi huchoka kuwaeleza kwamba msitu wa mvua unaopitika kirahisi ni msitu mgonjwa.

2. Moto na mifugo.

Uwanda wa nyasi ulio ndani ya msitu huchomwa wakati wa kiangazi ili nyasi changa ziote kwa ajili ya ng'ombe. Moto huo hauishii kwenye nyasi. Huramba ukingo wa msitu, na kila mwaka ukingo unarudi nyuma hatua kadhaa. Moto wa chini chini, ule ambao hauui mti mkubwa na kwa hiyo hauandikwi kwenye ripoti yoyote, huteketeza majani yote yaliyolala. Kwato nazo hushindilia udongo hadi usiwe na nafasi ya kupenyeza yai. Ng'ombe wa jirani ninawaheshimu, baadhi ni wa wajomba zangu. Lakini kuna mahali pa kulishia na mahali ambapo si pa kulishia, na mipaka hiyo imo kwenye mipango yenu wenyewe.

3. Upandaji miti unaofuata idadi.

Serikali imeahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sisi hatuna ugomvi na ahadi hiyo. Tuna ugomvi na namna inavyoteremka hadi kwetu. Siku ya kupanda huja na hema, vipaza sauti na soda. Vichaka hufyekwa ili wageni wapate nafasi ya kuchimba mashimo, miche hupandwa, picha hupigwa, na kesho yake sisi tunaokota chupa. Mahali palipofyekwa palikuwa msitu mchanga unaojirudisha wenyewe, wenye kivuli na majani yake. Na pale miche inapokuwa mikaratusi au misindano, mambo huwa mabaya zaidi: majani ya misindano huoza polepole na kuongeza asidi, na ya mkaratusi yana mafuta ambayo viumbe wengi wa udongoni hawayapendi. Mti wowote huhesabiwa kuwa mti. Konokono hana uwezo wa kuhesabu hivyo.

4. Mashimo ya dhahabu.

Dhahabu ilianza kuchimbwa Kakamega miaka ya 1930 na wachimbaji wadogo hawajaacha. Penye shimo, udongo wa chini humwagwa juu ya majani, na zebaki ikitumika hufuata maji. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, mnayajua.

5. Vipande vya msitu visivyofikiana.

Kisere, Malava, Kaimosi: ukisoma ramani ni majina ya karibu karibu. Kwa konokono ni visiwa. Kati yake na msitu mkuu kuna miwa, chai, mahindi na barabara. Konokono hatembei kwenye shamba la chai mchana wa jua. Maana yake, spishi ikifa ndani ya kipande kimoja haitarudi yenyewe, hata tukisubiri miaka mia. Mbega akitoweka mahali, angalau mtamwona ametoweka. Huyu ataondoka na hakuna atakayejua alikuwapo.

6. Hakuna anayewahesabu.

Marehemu Bernard Verdcourt, aliyekuwa mtaalamu wa mimea katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa (herbaria) ya Afrika Mashariki pale Nairobi, alitumia muda wake mwingine kuorodhesha konokono wa eneo letu lote. Watafiti wengine waliupima msitu wetu katika miaka ya 1990, na Makavazi ya Taifa yana mikusanyo ya maganda. Kwa hiyo mahali pa kuanzia papo. Ambacho hakipo ni mtu aliyepewa kazi ya kurudi kwenye maeneo yale yale na kutazama ni nani aliyebaki. Tulipouliza, tuliambiwa hakuna ushahidi kwamba wanapungua. Ni kweli hakuna, kwa sababu hakuna aliyetumwa kuutafuta.

Sasa najua majibu mtakayotoa, maana mengine tumeshayasikia.

Mtasema konokono ni waharibifu. Wa shambani, ndiyo, baadhi yao. Kumwadhibu Gulella kwa makosa ya yule mkubwa ni kumkamata mtu wa Khayega kwa wizi uliofanywa Mumias. Tena mnisikilize: katika miaka ya 1950 konokono wala nyama walichukuliwa kutoka Kenya wakapelekwa Hawaii, watumwe kumla konokono mkubwa wa Afrika Mashariki aliyekuwa akiharibu mimea kule. Wengine waliletwa kutoka Florida kwa kazi hiyo hiyo, na hao wa Florida wakageukia konokono wa asili wa visiwa vile. Mwaka 1977 walifikishwa kisiwa cha Moorea, katika Bahari ya Pasifiki, na ndani ya miaka kama kumi konokono wa asili wa Moorea wa jamii ya Partula walihesabiwa kuwa wamekwisha porini. Kwa hiyo yeyote atakayekuja na dawa ya mkato ya konokono wa shambani, iwe ni mdudu wa kigeni au sumu ya kumwaga ukingoni mwa msitu, mwulizeni kwanza habari za Moorea.

Mtasema konokono si muhimu. Nitawajibu kwa lugha ya ndege, kwa sababu ndege huwaletea mapato. Katika miaka ya 1990 watafiti nchini Uholanzi waligundua ndege wa msituni waliokuwa wakitaga mayai yenye maganda dhaifu, mengine yakivunjika kiotani. Chanzo kilikuwa konokono: udongo ulikuwa umejaa asidi, konokono wakapungua, na ndege wakakosa mahali pa kupata kalsiamu. Udongo wetu nao una asidi. Ongezeni hapo vimulimuli, ambao watoto wa huku huwafukuza jioni mvua ikikatika. Wakiwa bado mabuu, chakula chao ni konokono.

Mtasema watu wanahitaji kuni. Hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi, kwa sababu ni kweli. Nilipoanza kulizungumza jambo hili kwenye mkutano wa kijiji, mama mmoja mzee alinyanyuka akaniuliza, "Mwanangu, huyo konokono wako atanisongea ugali?" Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lake halikuwa la mzaha na silijibu kwa mzaha. Hakuna anayetaka akina mama wafukuzwe msituni. Tunachosema ni kwamba matawi membamba yachukuliwe, na gogo nene kuliko paja la mtu mzima libaki pale lilipoangukia. Gogo la namna hiyo, hata hivyo, mama mzee habebi kichwani. Huchukuliwa na vijana wenye mikokoteni, wanaokwenda kuuza kwenye hoteli za mjini na kwa wachoma matofali. Mkiwatenganisha hao wawili kwenye kibali, mama yule atapika kama kawaida. Na mkitaka kumsaidia kweli, mpeni miche ya kaliandra na sesbania, miti ya kuni inayokua haraka, ya kupanda mpakani mwa shamba lake, badala ya kuipeleka miche msituni kupigiwa picha.

Mtasema sehemu hii si yenu, ni ya ofisi ile nyingine. KFS huku, KWS kule, kaunti mahali fulani katikati. Konokono hajui mpaka kati ya Buyangu ya kaskazini na Isecheno ya huku kusini. Katiba yetu ya 2010 nayo, katika kifungu cha 69, haikusema ofisi gani: ilisema Serikali italinda bayoanuwai, na itahimiza wananchi washiriki katika kuyatunza mazingira. Kifungu hicho hicho ndicho kinachotaja asilimia kumi ya miti mnayoipenda sana kuinukuu. Someni na mistari iliyobaki.

Mtasema hakuna bajeti. Kumwacha gogo lilale hakugharimu shilingi.

Kuna jambo limekuwa likinikera tangu nilisome. Tarehe 1 Januari 2019, kule Hawaii, alikufa konokono mmoja aliyeitwa George. Alikuwa wa mwisho wa spishi yake, Achatinella apexfulva, na alikuwa ameishi miaka mingi kwenye maabara bila mwenzake. Magazeti ya dunia yalimwandika. Nilimfikiria sana George. Alipewa jina, alitunzwa, na kifo chake kiliandikwa na tarehe. Hayo yote yaliwezekana kwa kuwa kuna mtu aliyekuwa akihesabu. Wa kwetu wanaweza kuwa wanakufa Jumanne ya leo chini ya mzigo wa kuni za kuchomea matofali, na hakutakuwa na tarehe.

Basi tunaomba yafuatayo, na tunaomba mjibu kila moja kwa jina lake.

Kwanza, masharti ya kibali cha kuni yabadilishwe ili magogo manene yabaki msituni, na yeyote anayechukua kuni kwa biashara awe na kibali tofauti chenye maeneo maalumu. Pili, yatengwe maeneo ambayo hayaokotwi kuni kabisa, hata kama ni madogo, na yawepo katika msitu mkuu na pia katika Kisere, Malava na Kaimosi. Maeneo hayo wakazi washirikishwe kuyachagua kupitia chama cha jamii cha misitu, msije na ramani iliyokwisha kuchorwa. Tatu, uchomaji wa nyasi usifanywe bila kwanza kufyeka mstari wa kuzuia moto kwenye ukingo wa msitu, na atakayechoma bila idhini ashtakiwe hata kama ni mtu wa jamaa kubwa. Nne, hakuna kufyeka vichaka vya asili kwa ajili ya sherehe ya kupanda miti. Penye msitu unaojirudisha, uachwe. Tano, kila tathmini ya athari za mazingira ya mradi unaogusa msitu, iwe barabara, mgodi au hoteli, ichunguze pia viumbe wa ardhini wasio na uti wa mgongo, wakiwemo konokono.

Sita, na hili ndilo ningechagua kama mngenipa moja tu: waiteni wataalamu wa Makavazi ya Taifa warudie hesabu ya konokono, na mtuajiri sisi waongoza wageni na wanafunzi wa shule za jirani tuwasaidie. Magoti tunayo. Njia tunazijua. Tuko tayari kufundishwa kutofautisha ganda na ganda, na kazi hiyo inaweza hata kuwa kivutio kipya: wapo wageni ambao wangelipa kuinamishwa shingo kwa saa mbili.

Nakala za barua zetu za awali tunazo, zenye mihuri yenu. Pamoja na barua hii tumewasilisha ombi rasmi la taarifa kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016: tunataka kujua ni vibali vingapi vya kuni vilivyotolewa, kwa maeneo yapi, na ni utafiti gani uliofanywa kuhusu viumbe wa ardhini katika msitu huu. Sheria inawapa siku 21 kujibu. Zikipita kimya, tutaipeleka habari hii kwa Tume ya Haki ya Utawala, na kutoka hapo, ikibidi, kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tungependelea sana isifike huko. Ada ya mawakili ingenunua miche mingi ya kaliandra.

Mkitaka kuja kujionea, njooni wakati wa mvua, asubuhi, na mvae viatu visivyoogopa tope. Mpeleke habari kwa chifu, tutawapokea.

Wenu katika utunzaji wa msitu,

Mwongoza wageni na mkazi wa Shinyalu,
kwa niaba ya waongoza wageni wenzangu na wazazi wa vijiji vinavyopakana na msitu.